Mkwe Aliyegeuza Mgongo

Mlangoni pa benki moja ya katikati ya Lubumbashi, saa nne asubuhi, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye duka la viatu. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Ndoo ya maji ilikuwa moja, sabuni kipande kimoja, na mlinzi mmoja aliyejiona waziri wa afya. Mbele ya msichana aitwaye Mapalo, kijana mrefu mwenye viatu vizito vya kazi na fulana ya rangi ya chungwa alikuwa amezuiwa kwa kukosa barakoa.

“Cache-nez haiko, kuingia haiko,” mlinzi alisema.

“Papa, niliisahau ku kazi.”

“Corona yeye hakukusahau.”

“Na kazi yako ni ya nini?” Mapalo aliuliza, maana mdomo wake haukuzoea kukaa bure.

Kijana akageuka. “Agent wa sécurité, ku dépôt ya soufre. Nafundishaka bantu kuvaa masque.”

Foleni nzima ikaangua kicheko: mtu wa usalama katika ghala la salfa, na barakoa hana! Mapalo alikuwa fundi cherehani, na mkobani alikuwa na barakoa alizoshona mwenyewe, nyingi zikiwa nyeusi, za heshima kabisa. Akaziruka hizo, akachomoa moja ya kitenge chenye maua mekundu makubwa.

“Nabakia paka na hii moja,” alisema, kana kwamba ndiyo pekee iliyobaki.

“Ya maua? Ya mwanaume haiko?”

“Corona inachaguaka mwanaume na mwanamuke?”

Kijana akaivaa. Macho yake yakabaki juu ya yale maua, yanacheka, na Mapalo akajikuta anarekebisha kilemba chake cha buluu ambacho hakikuwa na kosa lolote. Kijana aliitwa Anaclet. Aliomba namba ya simu ya fundi, kwa ajili ya oda, alisema. Oda haikuja. Zilikuja simu.

“Fundi, kamba ya maua yangu imekatika.”

“Tena? Unaikataka na meno?”

“Kama haikatike, nitakuya kukuona na sababu gani, mupenzi?”

“Sema tu unanikumbuka, tuache kamba ipumuzike.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwaka ule kukohoa mbele za watu lilikuwa kosa kubwa. Mtaa mzima ulijua. Cathy, jirani na rafiki wa Mapalo, alijua kabla ya Mapalo mwenyewe. Mwezi wa tano wajomba wakaitwa, Anaclet akaja na wazee wake kufanya présentation, akajitambulisha rasmi nyumbani kwa msichana, akiwa amevaa suti ya kijivu iliyombana mabega.

Sasa hapo ndipo penye jambo. Kuanzia siku ile kijana ni mkwe, na mkwe aliyelelewa hamtazami mama wa msichana usoni, hali naye, wala kumgusa. Wakikutana njiani yeye hupisha, akageuza mgongo hadi mama apite. Hiyo ndiyo buko. Kwa kina Mapalo hufunguliwa siku yake, wazee wakiwapo, kwa zawadi ya mkono kwa mkono kati ya hao wawili. Mama Ngosa, mama yake Mapalo, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu, alizaliwa njia ya Kasomeno, na katika mambo ya buko hakuwa na mzaha. Anaclet, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini, alikuwa akiyacheka.

“Hiyo ni mambo ya zamani, Maua yangu,” alimwambia Mapalo. “Miye na mama yako tutakula bukari sahani moja.”

Na Mapalo alimwamini, hata akauona huo ugali wa sahani moja.

Mwezi wa saba, baridi ya kiangazi ilipokuwa imekaza na upepo umejaa vumbi, Mama Ngosa akaanza kukohoa. Siku aliyotoka kupimwa kwenye kituo cha afya, miguu ilimwisha mbele ya lango lake mwenyewe. Akaanguka mzimamzima. Mapalo akamshika bega, hakumweza. Ng'ambo ya barabara alimwona Anaclet, ambaye alikuwa anawaletea machungwa.

“Anaclet! Kuya! Saidia!”

Anaclet akapiga hatua mbili za mbio. Kisha akasimama. Mapalo alimwona kwa macho yake mawili akigeuka, akaelekeza uso kwenye ukuta wa jirani, akabaki pale kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Cathy ndiye aliyetoka mbio na kusaidia kumwinua mama. Walipofika ndani, Mapalo alichungulia nje. Mgongo wa Anaclet ulikuwa bado uko pale, na machungwa yamezagaa miguuni pake.

Jioni simu ikalia.

“Ulikimbia mama yangu,” Mapalo alisema.

“Sikukimbia. Mapalo, ile ni buko.”

“Buko! Weye mwenye ulikuwa unaicheka?”

“Nilikuwa nacheka kabla ya présentation. Ile siku nilipoona mama chini… sikuweza, chérie. Mwili yenyewe iligeuka.”

“Uliogopa corona. Sema tu uliogopa.”

“Nisikilize—”

“Kaa na ukuta yako, Anaclet.”

Akakata. Majibu ya kipimo yalipotoka, yalikuwa mabaya, na hilo likamtia Mapalo chumvi kwenye kidonda. Mama akafungiwa chumba cha nyuma, sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, dirisha wazi mchana kutwa. Mapalo alivaa barakoa mbili na kumlisha uji kwa urefu wa mkono. Siku tisa Anaclet alipiga simu, siku tisa hakupokelewa. Mapalo alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Siku ya kumi, saa tatu na nusu asubuhi, simu ikalia. Akaikata. Ikalia tena, akaikata. Kisha sauti ya Cathy ikaruka juu ya ukuta.

“Mapalo! Pokea telefone! Anaclet amenipigia, dépôt inaungua!”

Akapokea.

“Usikate,” Anaclet alisema. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele. “Nakuomba. Utanitukana kesho. Soufre imeshika moto. Moshi yake inakata pumuzi, na inatambaaka chini chini. Mupepo iko naileta kwenu. Loweka bitambaa na mayi, mufunge pua. Funga madirisha mpaka mutoke. Mama iko natembea?”

Mapalo akatazama mlango wa chumba cha nyuma. “Hata ku mulango hafike.”

“Niko nakuya.”

“Usikuye. Ile siku ulikuwa mita tano, hukukuya. Leo utatoka kilomita mbili?”

Akakata, na kabla simu haijapoa mkononi akajuta. Hasira hasara, wazee walisema, sisi tukaendelea kukasirika. Nje, anga ya upande wa dépôt ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya manjano chafu. Harufu ya kiberiti kilichowashwa ilikuwa tayari uani.

Alifanya kama alivyoambiwa. Akafunga madirisha, akaloweka vitenge ndani ya ndoo, akatia dawa za mama, kitambulisho na chupa mbili za maji mkobani. Barabarani mtaa mzima ulikuwa unakimbia kuelekea njia ya Luano, magodoro vichwani, na Cathy alikuwa keshatokomea kati yao. Akamsimamisha dereva wa pikipiki, mmoja wa wale ambao mji mzima huwaita manseba, yaani mjomba.

“Manseba, niko na mama. Hawezi kutembea.”

Manseba akazima pikipiki. Ndani ya nyumba, Mama Ngosa akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu kikavu, na mwaka ule hakuna aliyekuwa hakifahamu.

“Ni ile?” manseba aliuliza.

Mapalo angeweza kusema uongo. “Ni ile,” alisema. “Iko na cache-nez. Na weye nitakupa.”

“Samahani, mama. Niko na batoto.”

Akaondoka, na Mapalo hakumlaumu. Alirudi ndani, akampa mama mgongo, akajaribu kumwinua kama wanavyobebwa watoto. Walifika katikati ya chumba, wakaanguka wote wawili. Akamburuta hadi kitandani tena. Moshi ulikuwa umeanza kuingia chini ya mlango, mwembamba, na macho yalimwasha hadi akawa haoni vizuri.

“Enda, mwana wangu,” Mama Ngosa alisema, pumzi juu juu. “Miye nimekula chumvi mingi.”

“Siendi.”

“Kichwa nguvu. Kama baba yako.”

“Siendi, mama!” Mapalo akalia, hakuona aibu. Hakuwa na mzazi mwingine duniani, na mikono yake, iliyoweza kushona gauni la harusi kwa siku mbili, haikuweza kumtoa mama mmoja ndani ya chumba kimoja.

Lango likapigwa teke. Viatu vizito vikaja mbio hadi ukumbini, na Anaclet akatokea, fulana ya chungwa imejaa vumbi, usoni ana barakoa kubwa ya kazi, ile ya mpira yenye vichujio viwili. Alikuja kwa miguu, mbio zote, akipishana na watu wote. Mapalo akainuka kumpokea. Kisha, alipofika kwenye mlango wa chumba cha mama, Anaclet akageuka akasimama, mgongo kwao.

“Tena mugongo!” Mapalo akapiga kelele. “Mama yangu iko nakufa, na weye unageuka tena?”

“Muache!”

Ilikuwa sauti ya Mama Ngosa, ile ya zamani, ya kuita mtaa wa tatu. Ikamgharimu kikohozi kirefu, lakini alipokimaliza akaendelea.

“Ile siku ku barabara nilianguka, kitenge ikafunguka. Miguu yangu yote inje, miye, mama ya bantu. Bantu bote bananiangalia. Paka huyu peke yake njo hakuniangalia. Nilimupenda ile siku.”

Mapalo akamgeukia mama yake. Kitenge hakukiona kabisa siku ile. Alikuwa ameshika bega la mama, hakutazama chini hata mara moja. “Na juu ya nini hukuniambia?”

“Uliniuliza?” Mama Ngosa akajifuta midomo. “Huyu iko na heshima. Njo maana hawezi kunigusa. Anaclet, ondoa mwana wangu hapa. Miye muniache na Mungu.”

Hapo Mapalo akaelewa kwamba heshima ileile iliyomsafisha Anaclet ndiyo ingemuua mama yake. Akatazama ule mgongo wa rangi ya chungwa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi akaomba, bila hasira. “Anaclet. Fanya kitu.”

“Mama,” Anaclet alisema, uso ukutani. “Buko inafungukaka na zawadi.”

“Na bazee.”

“Bazee bote beko nakimbia, mama. Tukibangojea, tutafungua buko mbinguni.”

Anaclet akavua ile barakoa ya kazi. Akarudi kinyumenyume hatua moja, mbili, tatu, hadi kitandani, mkono umenyooshwa nyuma ya mgongo, barakoa inaning'inia vidoleni.

“Hii njo iko mu mikono yangu. Ni ya weye.”

“Na weye utapumua na nini?” Mapalo aliuliza.

Akatia mkono mfukoni, akatoa ile ya maua mekundu. Akaitumbukiza kwenye ndoo, akaivaa ikichuruzika maji.

“Fundi alishona muzuri,” alisema.

Moshi ulikuwa umefika magotini. Mama Ngosa aliutazama ule mkono muda ambao Mapalo aliuona kama mwaka. Kisha akanyoosha wake, akapokea. Akavuta kitenge kilichokunjwa kichwani pa kitanda, cha kijani, kile cha Jumapili, akakiweka mkononi mwa Anaclet.

“Na hii ni ya weye. Buko imefunguka. Munifunge nguvu, nisianguke tena mbele ya bantu.”

Mapalo aliwafunga kwa kitenge kile, kwa mafundo ya fundi. Anaclet akainuka, magoti yakalia, mama mgongoni kama mtoto, na hao wakatoka.

Kwenye barabara Mapalo akaelekea kulia, walikokwenda wote. Anaclet akageuka kushoto, kwenye njia nyembamba inayokwenda relini.

“Bantu bote beko naenda kule!”

“Moshi na yeye iko naenda kule. Unamukata mupepo mu mbavu, haumupe mugongo.” Akamtazama juu ya maua. “Mapalo. Unanikubali ao haunikubali?”

Mita tano, siku kumi, machungwa barabarani. Yote yakampita kichwani kwa mkupuo mmoja. Akamshika kiwiko. “Twende.”

Hawakukimbia, mtu mwenye mzigo ule hakimbii. Walipita nyuma ya matanuri ya matofali, Mapalo ubavuni mwao, akivimwagia maji vitambaa kila vilipokauka. Moshi uliwakuta bondeni. Mapalo hakuona tena matanuri wala njia, aliona rangi ya chungwa tu. Kifua kilimbana hadi alidhani mbavu zinavunjika. Walipofika chini ya tuta la reli, Anaclet akapiga goti. Akakohoa, akakohoa, hakuinuka.

“Anaclet! Simama! Ile maneno yote nilisema, naondoa. Nakupenda, unasikia? Simama!”

Alijaribu. Mguu ukateleza kwenye kokoto. Ndipo kiganja cha Mama Ngosa kikampiga begani, pah, kama anavyopigwa punda mvivu.

“Baba ya baba yako alijenga hii njia, na weye utafia chini yake? Simama, mwana wangu!”

Hakusema mkwe. Anaclet akasimama. Mapalo akamsukuma kwa nyuma, mikono yote miwili kwenye mwili wa mama yake, hatua kwa hatua, hadi reli ikawa chini ya miguu yao. Ng'ambo, upepo ulikuwa safi na baridi, na ukawapiga usoni kama maji.

Kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, watu waliookoka walikuwa wanaingizwa darasani, wamebanana. Anaclet alitaka kumpeleka mama ndani. Mama akakataa, akavua barakoa ile pembeni kabisa mwa uwanja, akavaa ya kitambaa, akaita kwa sauti yake yote: “Infirmier! Miye niko mugonjwa ya corona! Bantu bakae mbali, na weye ukuye!” Watu wakarudi nyuma. Muuguzi akaja, amevaa kinga aliyokuwa nayo. Usiku ule Mama Ngosa alilala hospitali akipewa hewa, na moto wa dépôt ulizimwa kesho yake.

Siku ya nne Anaclet akaanza kukohoa.

Alijifungia kwenye chumba chake cha kupanga. Mapalo aliacha chakula mlangoni, akasimama ng'ambo ya ua na kupiga simu akitazama dirisha.

“Fundi, kamba imekatika,” alisema Anaclet siku ya kwanza, na wakacheka. Siku ya sita hakuwa na pumzi ya utani. Mapalo alisema peke yake, saa nzima, habari za kitambaa na za bei ya mafuta, ili tu asikie mtu anahema upande wa pili. Alirudi nyumbani akapiga magoti. Siku ya tisa simu ikalia yenyewe.

“Bukari uliyoleta jana ilikuwa na chumvi mingi.”

“Ulikula?”

“Yote.”

Mapalo alikaa chini palepale barabarani akalia kama mjinga.

Mwisho wa mwezi wa nane Anaclet alikuja kwa miguu, suti ileile ya kijivu, sasa imelegea mabegani, na maua mekundu usoni. Mama Ngosa alikuwa ametoka nje kuota jua, mkono wake kwenye mkono wa Mapalo. Anaclet alimwona, na mwili ukakumbuka kabla ya akili: akapisha, akageuka, akaelekeza uso kwenye ukuta uleule wa jirani.

“Geuka,” alisema Mama Ngosa.

Hakugeuka.

“Ulinibeba mu mugongo, mutaa muzima wanaongea. Kwetu, mwanaume mwenye kunibeba vile, ao ni mutoto wangu, ao alinitukana. Unachagua nini?”

Anaclet akageuka polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mama yule machoni, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa.

“Mutoto, mama.”

“Basi bazee bako balete ile mali ya ndoa yenye ilibakia, tumalize. Na ile masque ya kazi, ambia bakubwa ba dépôt ilipotea. Zawadi ya buko hairudishwake.”

Ilikuwa inaning'inia ukumbini kwenye msumari, karibu na picha ya marehemu baba. Anaclet akacheka, kisha akamtazama Mapalo, na kicheko kikamwisha.

“Na weye, Maua? Mama amenipokea. Weye unasema nini?”

Kati yao palikuwa na barabara ya vumbi, upana wa mita tano. Mapalo aliuachia mkono wa mama yake, akausogelea ukingo wa barabara.

“Ile siku nilikuita, ukasimama,” alisema. “Leo nakuita tena. Kuya.”

Anaclet akavuka.